Mkono Juu ya Kitasa

Irja alipovunjika nyonga akapelekwa Oulu,
aliniachia maagizo mawili:
paka apewe dawa yake,
na tamthilia yangu isinipite.

Mimi ni mtu wa barua. Miaka thelathini na minne
niligawa bahasha hapa Kajaani, mlango kwa mlango,
na sikuwahi kushughulika na barua ipitayo hewani
ikitafuta mahali pa kutua.

Nikatoa kompyuta kuukuu chini ya ngazi,
nikaipanguza vumbi,
nikachomeka kidude cha kunasia mawimbi,
kidogo kuliko kiberiti,
nikakiunga kwa waya na antena ya paani.
Nikabonyeza: Tafuta chaneli.
Ikatafuta. Ikatafuta mpaka kahawa ikapoa.
Chaneli zilizopatikana: sifuri.

Siku mbili nililaumu theluji.
Nilipanda paa na ufagio, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri
(binti yangu asisikie),
kumbe programu ilidhani tunaishi Ujerumani.
Nikairudisha Ufini kwa kidole kimoja,
na chaneli zikamiminika
kama watoto kengele ya mapumziko ikilia.

Usiku wa kwanza nikaamuru: rekodi, saa mbili kamili.
Asubuhi nikafungua, nikakuta
wanaume watatu wakibishana juu ya ushuru wa misitu.
Mashine ilikuwa ikifuata saa ya Griniwichi;
saa mbili yake ni saa nne yetu.
Usiku wa pili haikurekodi kitu. Ilikuwa imelala.
Sikuigombeza. Hata mimi nililala,
kitini, na viatu.

Usiku wa tatu picha ikaja vipande vipande:
daktari wa mifugo, jicho shavuni,
ng'ombe wake viraba vitupu, sauti ikigugumia.
Nikanunua kikuza mawimbi, yuro arobaini.
Vipande vikazidi.
Eevert wa maktaba, kijana mwenye kipini puani,
akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:
Mzee, unaipigia kelele.
Mnara uko ng'ambo ya ziwa tu. Kitoe.
Nikakitoa. Picha ikatulia,
kama mtu aliyeachwa amalize sentensi yake.

Basi zikaanza kuingia, usiku kwa usiku,
sehemu kumi na saba, kila moja na tarehe yake,
nikizipanga kama nilivyozoea kupanga mitaa.
Nilichungulia dakika ya kwanza tu;
picha ikiwa nzima, nafunga.
Barua ya mtu haifunguliwi.

Irja akarudi mwezi wa tatu, na magongo.
Kila jioni sehemu moja, paka katikati yetu.
Ndama alipozaliwa alinishika mkono.
Akaniuliza, Unadhani huyu dada atasema ukweli?
Nikabahatisha, nikakosea,
naye akatikisa kichwa kama asiyejua.

Sehemu ya mwisho: daktari anafika mlangoni,
theluji begani, mkono juu ya kitasa,

skrini ikawa nyeusi.

Mashindano ya kuteleza yalirefuka siku ile,
dakika kumi na mbili, kila kipindi kikasukumwa,
nami sikuwa nimeacha nafasi mwishoni
wala mwanzoni. Nilikata palepale
kama mtu anayekata mkate kwa rula.

Nikaanza kuomba radhi. Irja akasema:
Anafungua. Dada yake hayupo. Kuna barua mezani.

Umejuaje?

Wodini kulikuwa na televisheni, Tauno.
Tulitazama zote, mimi na mama mmoja wa Sotkamo.

Jioni kumi na saba! Na hukusema.

Akamsogeza paka, akayaegemeza magongo ukutani.
Wewe ulikuwa hujaiona, akasema.
Halafu: Hiyo barua, unataka kujua imeandikwa nini?

Nikasema, Ngoja kwanza.
Nikaenda kwenye kompyuta, nikafungua mipangilio,
nikaongeza dakika kumi kabla, thelathini baada,
ingawa kesho hakukuwa na kitu cha kurekodi.